Tulifunga Kanisa Yote

Mpaka leo ninapoandika haya, Chadrack hajawekewa mikono. Ni mwaka wa nne sasa na bado ni mchungaji wa majaribio. Hawezi kubatiza, hawezi kugawa meza ya Bwana, na wenzake aliosoma nao wamekwisha kuwa wachungaji kamili wenye kanzu nyeusi na sauti nzito. Watu wa Kasongo wakiniuliza sababu, huwa nawajibu kwamba mambo ya Wamaza ni magumu. Huo ni ukweli wa nusu, na ukweli wa nusu nimeuzoea kuliko inavyompasa mtu wa kazi yangu. Sababu yenyewe ni neno moja tu. Aliyelisoma vibaya ni mimi, Pasta Dominique, mwalimu wa uongozi, miaka thelathini na moja katika huduma, mwenye miwani ya kusomea na nyingine ya kuonea mbali.

Chadrack ni mtoto wa Nyangwe. Baba yake alikuwa mvuvi wa mto Lualaba, na babu yake, Mzee Moussa, alikuwa Mwislamu asiyekosa sala tano. Siku ya kwanza nilipomwona, nilimuuliza kwa uchokozi kama babu hakumfukuza aliposikia mjukuu anakwenda shule ya Biblia. Akacheka, maana kucheka kwake kuko karibu sana, akasema babu alinuna wiki nzima, kisha akamwambia: “Kama unataka kusalisha batu, salisha. Lakini usitoke mbele yao sala haiyaisha.” Niliandika maneno hayo katika daftari langu la masomo nikayatumia mara mbili au tatu darasani. Sikusema yametoka kwa nani.

Alipomaliza shule tulimpeleka Wamaza, kule Kabambare, mahali ambapo wachungaji wakongwe walikuwa wakipakataa kwa kisingizio cha presha na mgongo. Kanisa lile lilikuwa la makundi mawili. Kulikuwa na wenyeji, wakulima wa mihogo na mpunga, wanaosalimiana kwa Kibangubangu. Na kulikuwa na wageni wa dhahabu kutoka Bukavu, Butembo na kwingineko, waliokuja na makoleo na nyimbo zao. Wenyeji walikaa kulia, wageni kushoto, na katikati ilibaki njia pana ambayo hakuna aliyeikanyaga ila mbuzi.

Chadrack hakuhubiri juu ya jambo hilo hata mara moja. Kila Jumapili alisimama mlangoni, anamshika mwenyeji mkono wa kulia, mgeni mkono wa kushoto, anawatembeza wote wawili mpaka kwenye benchi moja na kuwakalisha. Wakinuna, anawaacha wanune. Jumapili inayofuata anarudia. Ilimchukua mwaka mzima na nusu. Mwaka wa pili nilipokwenda kumkagua, nilimkuta Mama Nsimire, mke wa mchimbaji mmoja aitwaye Ushindi, amebeba mgongoni mtoto wa mwenyeji aliyekaa naye benchi moja. Niliandika katika ripoti: “Anaendelea vizuri.” Maneno mawili kwa kazi ile! Nikikumbuka naona aibu.

Sasa, kwetu mchungaji kijana hawekewi mikono hivi hivi. Lazima afanye miaka mitatu, na kila mwaka aje Kasongo wiki moja kwa mafunzo ya uongozi. Mafunzo hayo tunayaita rasmi “malezi endelevu”, lakini kila mtu anasema resiklaji. Anayekosa siku moja anaanza upya miaka yote mitatu. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, baada ya vijana wawili kutoroka darasani kwenda kutazama mpira. Halafu, mwisho wa mwaka wa tatu, mwangalizi anamsindikiza kijana mpaka parokia yake, anasimama mbele ya kundi na kuuliza mara tatu: “Munamutaka?” Kundi likijibu “Tunamutaka,” mikono inawekwa. Lisipojibu, hakuna mikono.

Wiki ya tatu ya Chadrack ilianza Jumatatu. Kabla hajaondoka Wamaza aliwaaga watu wake, akawaomba kitu kimoja: wafunge na kuomba kwa ajili yake siku tatu, kuanzia Jumatatu hiyo, ili amalize vizuri. Alinisimulia mwenyewe, huku akifungua mzigo wake bwenini, amefurahi. Jumapili ndiyo ingekuwa siku yake. Mimi ndiye ningemsindikiza, na kanzu yake mpya ilikuwa tayari kabatini kwangu.

Jumanne adhuhuri, nikiwa katikati ya somo, simu yake ikatikisika. Nilimkodolea macho. Akaitazama, uso ukamng’aa, akaniletea mbele ili nisome. Ulikuwa ujumbe wa shemasi wake, Papa Kitenge:

“Pasta shalom tulifunga kanisa yote toka jana tunakungojea weye.”

Hakuna nukta, hakuna mkato. Wamaza simu haishiki mpaka upande kilima, na ukishapanda unaandika haraka kabla betri haijafa. Mimi, mwalimu, nilivaa miwani ya kusomea. Nikasimama, nikawasomea darasa zima kwa sauti ya mimbari: “Tulifunga, kanisa yote, toka jana! Tunakungojea weye!” Vijana wakapiga makofi, wakasema Haleluya. Nikageuka nikaandika ubaoni: KUNDI LINALOJUA KUFUNGA NA KUNGOJA. Niliwaambia huo ndio mtihani wa kiongozi, kwamba asipokuwepo watu wake wanapiga magoti. Nilisema vizuri siku ile, na nilijisikia nikisema vizuri.

Mama Emilienne, mpishi wetu, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akingoja nimalize. Amepikia wachungaji miaka mingi na amesikia masomo yangu yote mara nyingi kuliko mimi.

“Papa Pasta,” akasema, “kufunga gani hiyo? Ya tumbo ao ya mulango?”

Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, nikamjibu, “Mama, angalia sombe yako isiungue.”

Akaangalia sombe yake. Mungu anisamehe.

Jumatano jioni Chadrack akanifuata uani. Hakuwa anacheka.

“Papa, nilibaambia siku tatu tu, na leo ndio ya tatu. Banasema bananingojea miye. Kama hawafungue mpaka nifike? Mule iko bamama wazee, hawataweza njaa. Nimepiga simu ya Papa Kitenge tangu jana, haipite. Niache niende kesho asubui nibaangalie. Nitarudia.”

“Na kesho na kesho kutwa nani atakaa darasani badala yako?”

“Nitarudia, Papa.”

“Kanuni unaijua,” nikamwambia. “Ukikosa siku moja, miaka mitatu yote inakwenda na maji. Watu wako wanafunga ili umalize, wewe unataka usimalize! Hawatakufa kwa siku mbili. Kiongozi anavumilia, anaamini watu wake.”

Akarudi bwenini. Moyo wake ulikuwa umejua kitu ambacho kichwa chake hakikujua, na mimi niliuzima kwa maneno mazuri. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Chadrack alinisikia.

Ijumaa akamaliza. Cheti nilikitia sahihi mwenyewe. Jumamosi alfajiri tukaondoka na pikipiki mbili, mimi na kanzu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, yeye na gunia dogo la mchele na pakiti za chumvi alizoomba kwa Mama Emilienne. Alisema watu waliofunga kwa ajili yake hawezi kuwakuta mikono mitupu. Atafika, watapika pale pale kanisani, watafungua pamoja. Njia nzima ile ya matope na madaraja ya magogo alikuwa akigeuka nyuma kuhakikisha gunia halijaanguka. Mara moja tulisimama kusukuma pikipiki, na alipopumzika akaanza kuimba. Namsikia mpaka sasa.

Tulifika jua limeanza kulala. Wamaza ilikuwa kimya. Upande wa kambi ya wageni, vibanda vilikuwa vimebaki miti tu, maturubai yameng’olewa. Hakuna mtoto aliyekuja mbio, na wachungaji wakifika huwa tunakimbiliwa. Papa Kitenge alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya kanisa, peke yake, amejikunja ndani ya koti. Alituona, hakusimama.

Chadrack akashuka, akafungua kamba, akaweka gunia chini mbele yake.

“Papa Kitenge, pole na kungoja. Tumekuja tufungue pamoja. Muchele iko, chumvi iko.”

Kitenge alitazama gunia, akatutazama sisi. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti akatoa ufunguo.

“Fungua weye,” akasema. “Mie nilisema hakuna mutu atafungua mpaka weye ufike.”

Chadrack aliupokea ufunguo ule, akaukalisha kwenye kiganja. Kisha macho yake yakaenda mlangoni. Pale kulikuwa na kufuli jipya, kubwa, jeusi. Upande wa pili wa jengo, kwenye mlango mdogo wa nyuma, kulikuwa na lingine. Kanisa yote. Nilimwona akielewa, na nilielewa kwa wakati ule ule, nikashika kiti cha pikipiki.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu asubuhi, Chadrack akiwa ndiyo kwanza anakaa darasani kwangu, shimo moja la dhahabu liliporomoka. Watu wawili walikufa: Ushindi, yule mume wa Mama Nsimire, na kijana mwenyeji aliyeitwa Aristote aliyekuwa akichimba naye. Wote wawili walikuwa wa kanisa. Maiti zikaletwa kanisani na zikalazwa pamoja, maana ndivyo walivyozoeshwa, benchi moja. Lakini mchana maneno yakaanza. Wenyeji walisema wageni wamechimba chini mno bila kumsikiliza mwenye ardhi, wakasema pia hakuna mgeni atakayelazwa katika makaburi ya wazee wao. Wageni walisema miti ya kuzuia udongo imeibwa na wenyeji wakajengee. Mapanga yakaonekana, ndani ya kanisa, juu ya maiti mbili. Papa Kitenge, mtu wa miaka sitini na tano, akajitupa katikati, akalia, akawasihi, akafaulu kuwatoa wote nje na kila upande na maiti yake. Akafunga milango miwili. Akasema: “Neno hili litaamuliwa na Pasta. Kesho kutwa atakuwa hapa.”

Jumanne alipanda kilima na simu yake, akaandika maneno yake tisa, na betri ikafa. Akashuka akawatangazia watu kwamba Pasta ameitwa. Pande zote mbili wakamwamini, maana walimwamini Chadrack. Wakangoja Jumatano, maiti zimefunikwa majani ya migomba. Wakangoja Alhamisi mpaka saa nne.

“Kila pikipiki iliyolia tulisimama,” Kitenge akasema. “Batu ya kule na batu ya huku. Tulisimama wote.”

Alhamisi hiyo haikuwezekana kungoja tena. Wenyeji walimzika Aristote makaburini kwao. Wageni walimzika Ushindi kando ya machimbo, haraka, kaburi lisilo na kina, bila sala, na mvua ikanyesha juu yake usiku huo huo. Ijumaa wageni wote walifungasha na kwenda kutafuta machimbo mengine, wakisema mchungaji amechagua upande kwa kutokuja. Na wenyeji, wengi wao, walisema maneno hayo hayo, kwamba amewachagua wageni. Alibaki Mama Nsimire tu. Alikataa kuondoka.

Alhamisi. Kama ningemwacha aondoke Alhamisi asubuhi, angefika jioni, angemkuta Ushindi amezikwa lakini watu wangalipo. Kama ningemsikiliza mpishi Jumanne, angefika Jumatano. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi mno, na kila mara inatoka vile vile.

Chadrack hakunilaumu. Ningependa angenitukana.

Jumapili asubuhi Kitenge aligonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele. Aligonga sana, mpaka mkono ukamchoka. Kanisa lenye mabenchi ya watu mia mbili lilipata watu wanne: yeye mwenyewe, bibi wawili wenyeji waliokuja wakishikana, na mwisho Mama Nsimire, mwenye kitambaa cha kilio kichwani na majembe mawili begani. Aliyaegemeza ukutani karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Mlango ulibaki wazi, na tuliona watu wamesimama mbali, kwenye nyua zao, wakitazama upande wetu bila kusogea.

Nilipaswa kuacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini mimi nilikuwa na fomu mfukoni, na katika fomu kulikuwa na mstari wa jibu la kundi, na nilijiambia kwamba nikimwekea mikono angalau atapata kitu katika hasara hii. Labda nilitaka nipate kitu mimi. Nikaiweka kanzu mezani, nikamsimamisha Chadrack mbele ya mabenchi matupu, nikauliza:

“Munamutaka?”

Kitenge akatazama chini.

Nikauliza tena. Bibi mmoja akakohoa, mwenzake akamshika mkono.

Sauti yangu ya tatu haikuwa sauti ya mimbari. “Munamutaka?”

Mama Nsimire akasimama.

“Pasta Mukubwa,” akasema, “mbele ya kumutaka ao kumukataa, aende kwanza amuzike bwana yangu.”

Chadrack hakuniomba ruhusa. Alichukua Biblia, akapita kando ya meza na kanzu yake bila kuitazama, akatoka. Mama Nsimire akabeba majembe yake. Tukawafuata, Kitenge na bibi wawili na mimi, kupitia katikati ya kijiji, na watu katika nyua zao wakatutazama tukipita. Chadrack alimsalimu kila mmoja kwa jina, kwa Kibangubangu. Wengine waliitika. Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni. Alikuwa mama yake Aristote, na Chadrack akasimama, akamwinamia, akasema, “Mama, nikitoka huku nakuja kwa Aristote,” kisha akaendelea.

Kaburi la Ushindi lilikuwa limezama. Mvua ilikuwa imekula udongo mpaka pembe ya mkeka ikaonekana. Chadrack alipoona mkeka ule alilia kwa sauti, na Mama Nsimire, ambaye nadhani hakuwa amelia tangu Alhamisi, akalia naye. Akasoma, akaomba. Alisema jina la Ushindi, na la baba yake, na la kijiji alikotoka, vitu ambavyo mimi nisingevijua. Alisema: “Ndugu yangu, uliningojea, na sikufika.” Hakusema alikuwa wapi, wala hakusema nani alimzuia.

Alipomaliza akachukua jembe moja akaanza kujaza udongo. Mimi nilisimama kando na fomu yangu mfukoni, mikono nimeifunga mgongoni kama wakaguzi tunavyosimama. Mama Nsimire akanigeukia.

“Na weye, Pasta Mukubwa? Siku zile zote weye ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa Kasongo, Mama. Nilikuwa nafundisha.”

“Kufundisha nini?”

“Kuongoza,” nikasema.

Alinitazama kidogo, bila hasira. Kisha akanipa jembe la pili.

“Shika,” akasema. “Udongo iko kule.”

Nikavua koti, nikashika jembe.